Punje Nane za Mahindi, Kopo Moja la Maji

Kama wiki hii umeambiwa una ugonjwa wa sukari, na umerudi nyumbani na karatasi inayosema uache ugali, uache miwa, unywe maji ya kutosha, kaa kidogo nikusimulie. Mimi mwenyewe kukaa sijui. Haya nayaandika nikiinuka kila baada ya mistari michache kwenda kuangalia ng'ombe ambaye hana shida yoyote. Lakini hayo maneno "maji ya kutosha" karibu yanizike, wala hakuna aliyenieleza mapema kwamba yanaweza kufanya hivyo. Dawa na majina yake waulize wenyewe hospitalini. Mimi nitakuambia yaliyonipata.

Nilikuwa dereva wa trekta la miwa. Miaka ile kwetu Navakholo kila kitu kilikuwa miwa. Watu waling'oa mahindi hadi karibu na mlango wa jikoni wakapanda miwa, na matela yalipita barabarani tangu alfajiri yakiangusha mabua ambayo watoto waliyagombania. Dereva wa trekta alikuwa mtu. Hata mwalimu mkuu alikuwa akinisalimia kwanza. Baada ya miaka tisa ya kuendesha vyuma vichakavu nilipewa trekta jipya, jekundu, na funguo yake niliifunga kwa kamba ya ngozi kwenye mshipi wangu. Nililala nayo. Mama Eliza, mke wangu, alisema siku nikifa atanizika nayo, na wakati huo tulicheka.

Sasa sikia desturi yetu ya ujinga. Kwenye miwa hakuna mtu anayebeba maji. Ukishikwa na kiu unavunja muwa, unamenya kwa meno, unafyonza, unatema, unaendelea. Wakataji hufanya hivyo, madereva hufanya hivyo. Kiu yangu ilianza msimu wa kiangazi, baada ya Krismasi, nami nikaitibu kwa njia hiyo niliyoizoea tangu ujana. Nilifyonza muwa mmoja, kiu ikarudi na nduguze. Nikafyonza wa pili. Kufikia Februari nilikuwa natafuna miwa tangu shambani hadi kiwandani, na bado ulimi ulinata kinywani. Nilikuwa nashuka kukojoa kila mara. Suruali ilianza kunivuka kiunoni, nikatoboa shimo jipya kwenye mshipi kwa msumari, kisha jingine.

Aliyegundua ni Mama Eliza. Alisimama nyuma ya nyumba akiwa ameshika ufagio.

"Baba Eliza, kuja uone. Hapa mahali unakojoanga, sisimizi wamejaa kama kwa harusi. Wewe unakojoa nini?"

"Wacha kunichunguza," nikamwambia. Nilikuwa mkali hivyo, sitakuficha.

Wiki iyo hiyo nilisinzia juu ya usukani mchana kweupe, nikiwa kwenye foleni ya mizani nje ya kiwanda. Trekta likajivuta likagonga tela lililokuwa mbele. La Barasa, kwa bahati yangu mbaya. Barasa alikuwa dereva wa rika langu, mwenye mdomo usiofungwa, na trekta lake kuukuu lilitoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Tangu nipewe lile jekundu hakuniita tena kwa jina.

"Mwenye trekta mpya!" akapaza sauti foleni nzima isikie. "Umelewa ama umerogwa?"

Bwana Wekesa, msimamizi wetu wa matrekta, aliniita kando. Tulisali kanisa moja, na ni mtu wa kusema polepole. "Makokha, mtu akilala kwa usukani ataua watu. Enda hospitali. Kiwanda ikifungwa kwa matengenezo wakati ya mvua, uniletee barua ya daktari. Bila barua, hiyo funguo nitapatia mtu mwingine." Hakutaja ni nani. Hakukuwa na haja ya kutaja.

Basi nikaenda mjini Kakamega, hospitali kubwa, nikakaa kwenye benchi. Benchi lile nalijua sasa kuliko kitanda changu. Unakaa, wa mbele akiingia unasogea matako mawili, unakaa tena. Nilisimama mara nyingi hadi mama mmoja wa Mumias aliyekuwa kando yangu, amejifunga leso kichwani vizuri, akaniambia, "Keti baba, hata ukisimama jina lako halitatangulia." Jina lake Mama Zubeda. Alikuwa na maji kwenye chupa ndogo ya dawa ya kikohozi aliyoiosha, na alikuwa akinywa funda moja, anafunga, anaiweka mkobani. Baada ya muda anaifungua tena, funda moja. Nilimwonea huruma, nikadhani hana chupa kubwa.

Walinipa kichupa nikajaza. Waliuchemsha mkojo wangu pamoja na dawa ya buluu, na ile buluu ikageuka mbele ya macho yangu ikawa rangi ya tofali, maana sukari ikizidi hugeuka hivyo, isipokuwapo hubaki buluu. Daktari alisema nisimamishe ugali kwanza, nisahau miwa na chai ya sukari, nile mboga, mayai, kuku, samaki, nimeze vidonge. "Na maji, unywe ya kutosha. Kama glasi nane hivi kwa siku, ukizigawa. Jua likiwa kali, ongeza kidogo." Aliyasema yote, sina lawama kwake. Mimi nilikuwa nasikilizia jambo moja tu.

"Nitaendesha trekta?"

"Tutaona utakaporudi."

Nyumbani tulikuwa na glasi sita zenye maua, zimefungiwa kabatini kwa ajili ya wageni. Mwenye nyumba hanywei glasi ya wageni. Mimi nilikuwa na kopo langu la mafuta ya kupikia, la nusu kilo, nililolitia mkono wa waya, na hilo ndilo nililolibeba kwenye trekta. Kwa hiyo glasi nane kwangu zikawa makopo manane, wala sikufikiri mara mbili. Ili nisisahau hesabu nilitia punje nane za mahindi mfuko wa kushoto asubuhi. Nikinywa kopo moja nahamisha punje moja mfuko wa kulia. Niliona nimevumbua jambo. Mtu haruhusiwi kula mahindi lakini anatembea nayo mifukoni, hata mimi nilichekea hilo.

Wiki za mwanzo usiniulize. Wewe ambaye umeanza juzi unajua. Kwetu mtu ambaye hajala obusuma, yaani ugali, hajala, hata kama amemaliza kuku mzima. Mama yangu alikuja kutoka upande wa pili wa boma, akaniona na sahani ya mboga na mayai mawili, akakaa chini akalia. "Mwanangu ananyimwa chakula kwa nyumba yake!" Mama Eliza akaondoka akaenda kisimani, akakaa huko mpaka jioni. Watoto walikuwa wakimega ugali wakinitazama kwa pembe ya jicho. Siku moja binti yangu Eliza, wa miaka kumi, alinikatia kipande kidogo akakificha chini ya mboga zangu, kwa upendo tu. Nilipokiona nilipiga sahani teke. Aliokota mboga moja moja. Hilo bado linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Juu ya hayo, jirani alimwambia mke wangu kwamba mgonjwa wa sukari anakatazwa vitu vyote vyeupe. Sukari ni nyeupe, unga ni mweupe, na chumvi je? Mama Eliza akaondoa chumvi. Alifanya hivyo kwa moyo safi, akaacha hata kutia mushereka, yale maji ya majivu tunayopikia mboga, kwa sababu nayo yana ladha ya chumvi. Mrenda bila chumvi na bila mushereka, jamani! Misuli ya miguu ilianza kunikaza kama kamba. Nilikuwa na hasira tangu naamka. Lakini kiu ilipungua, macho yakaona vizuri, na nilipokwenda kliniki mara ya pili, mvua za kwanza zikinyunyiza, ile dawa ilitoka kijani.

"Alhamdulillahi," alisema Mama Zubeda nilipomwonyesha kadi yangu. "Lakini mbona umekonda uso hivi? Na maji unakunywaje?"

"Makopo manane kila siku," nikajisifu.

"Mimi kidogo kidogo, baba. Mpaka jioni yameingia." Nikamwona mwanamke asiye na haraka kwa sababu hana kazi ya haraka.

Na hapo ndipo nilipomdanganya, na kujidanganya pia. Makopo manane kila siku yalikuwa maneno tu. Foleni ya mizani ni ndefu, na kichaka cha kujisaidia kiko mbali, nyuma ya ghala. Ukishuka na foleni ikasogea, wa nyuma hawakusubiri. Wanakupita wakipiga honi, unarudi mkiani, nusu siku imekwenda. Ningeweza kumwomba mtu anisogezee trekta. Lakini ningemwambia kwa nini? Sikutaka mtu yeyote pale ajue mimi ni mgonjwa, na aliyekuwa nyuma yangu siku nyingi alikuwa Barasa. Basi nikawa sinywi. Asubuhi kopo moja, mchana labda mawili, jioni nyumbani mawili matatu. Punje zilibaki mfuko wa kushoto, nami nilizihisi kila nikikaa.

Kazi yetu ya miwa ina utaratibu wake. Safari ambayo hukuimaliza Jumatano, unaimalizia Jumamosi. Hakuna anayekuuliza siku, wanauliza kama miwa imefika. Nimeishi hivyo miaka kumi na zaidi, na maji nayo nikayapeleka hivyo hivyo. Punje zilizobaki kila siku nilizitia ndani ya kiberiti kitupu, na Jumapili, siku isiyo na foleni, nilikunywa zote. Jumapili ya kwanza, maana nilianza katikati ya wiki, zilikuwa saba juu ya zile nane za siku yenyewe. Kichwa kiliniuma mpaka Jumatatu. Ya pili nikatapika. Nilisema ni sukari inatoka mwilini. Mama Eliza alisema, "Baba Eliza, tumbo yako imekuwa mtungi, hebu acha." Nikamjibu kwamba asiyeendesha trekta asinifundishe.

Jumapili ninayotaka kukusimulia ilikuwa kabla ya kliniki ya tatu, ile ya barua. Mvua ndefu zilikuwa zimeshika, kiwanda kilikaribia kufungwa. Kiberiti kilikuwa na punje kumi na nane. Wiki nzima nilikuwa nimebanwa na foleni. Nilitaka kesho yake ile dawa ibaki buluu kabisa, nitoke na barua mkononi, na niliona njia ni kumaliza deni lote la maji siku hiyo. Nilianza kulipokucha, nimeketi mlangoni, mvua ikinyesha, punje moja kopo moja. Mpaka kengele ya kanisa ilipolia nilikuwa nimeshusha makopo kumi na moja. Tumbo halikutaka tena, nikalilazimisha.

Kanisani nilifungua kitabu cha nyimbo nikaona herufi zinatembea. Wengine walikuwa wamesimama wakiimba, mimi nikawa nimesahau wimbo niliouimba tangu utotoni. Nilitaka kumwambia Mama Eliza twende nje. Anasema nilimwambia, "Funga tela." Kisha mkono wa kulia ukaanza kuruka wenyewe, na mengine sikuyaona. Niliambiwa nilianguka kati ya mabenchi, nikatetemeka mwili mzima, povu mdomoni, na kwamba aliyenibeba miguu kunipeleka kwenye gari alikuwa Bwana Wekesa.

Nilifungua macho wodini Jumanne. Kitu cha kwanza, kabla sijauliza niko wapi, nilipeleka mkono kiunoni. Kamba ya ngozi haikuwapo.

"Bwana Wekesa alichukua," alisema Mama Eliza. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Mashine haingojei mtu, alisema. Barasa ndiye anaendesha."

Nililia. Nakuambia wazi, mwanaume mzima nililia mbele ya wodi, si kwa sababu ya kufa, kwa sababu ya trekta. Mama Eliza alinitazama akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimekaa hapa siku mbili nikijua wewe ni maiti. Na wewe unalilia chuma." Akageukia dirishani. Ndipo niliposikia aibu.

Sista Felista, muuguzi wa wodi ile, mnene, mwenye viatu vinavyolia sakafuni, alikuwa amesikia yote. Alimwuliza mke wangu nilikuwa nakula nini, nakunywa nini, kiasi gani. Mama Eliza akataja kopo. Sista akasema alilete. Kesho yake lililetwa, pamoja na kile kiberiti. Sista akachukua glasi ya wodi akaijaza, akamimina ndani ya kopo langu. Akajaza ya pili, akamimina. Akajaza ya tatu, ikaingia nusu.

"Hii ndiyo glasi yako?" akauliza.

Nikamweleza punje, foleni, kiberiti, Jumapili. Alisikiliza bila kucheka. Kisha akamwaga punje za kiberiti kwenye kiganja chake akazitazama.

"Baba, nani alikuambia maji inalipwanga Jumapili? Yenye hukukunywa Jumanne imeenda na Jumanne. Mwili si tela, ati utaijaza siku moja. Na chumvi mmetoa?"

"Ni nyeupe," alisema Mama Eliza, akaanza kulia.

"Hapana mama, usilie, si wewe peke yako." Alivuta kiti. Alimweleza kwamba mtu akiacha ugali na vyakula vya unga, mwili hutoa maji na chumvi nyingi kuliko kawaida, ndiyo maana miguu hukaza. Ukimwongezea maji juu ya maji bila chumvi hata kidogo, ile chumvi iliyobaki inazimuliwa mpaka kichwa kinashindwa kazi. Sikuelewa yote na sitajifanya nimeelewa. Nilichokishika ni hiki: glasi, si kopo. Saa hadi saa, si kwa mkupuo. Ukipitwa umepitwa. Kiu ikiisha na mkojo ukiwa na rangi hafifu, pumzika. Chumvi kiasi kwenye chakula, isipokuwa daktari wako amekukataza, maana wenye figo mbovu, moyo au presha wana maagizo yao. Uliza yako. Usichukue yangu, na ya jirani usiyaguse kabisa.

Jioni ile Mama Eliza alileta mchuzi wa ingokho, kuku wetu mwenyewe, umetiwa chumvi. Nilikunywa kijiko kimoja na machozi yakanitoka tena, safari hii kwa utamu. Alinipangusa kwa leso yake. Hatukuongea juu ya trekta.

Mvua zote nilikaa nyumbani. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa adhabu. Nilitengeneza mlango, nikatengeneza zizi, nikabomoa zizi nikalitengeneza upya. Nilimwomba Eliza msamaha kwa ile sahani, akaniuliza sahani gani, kisha akakimbia, lakini najua anakumbuka. Mama Eliza alifungua kabati la wageni akatoa glasi moja yenye maua akaiweka karibu na kiti changu. Mama yangu akauliza mgeni ni nani. "Ni huyu," akasema mke wangu. Zile punje nane nilizirudia, lakini sasa kila moja ilikuwa glasi, na zikibaki jioni niliwatupia kuku.

Mahindi yalipokuwa ya kupalilia mara ya pili nilipata barua. Bwana Wekesa aliisoma mara mbili.

"Trekta yako nitakurudishia, kwa sababu barua imesema. Lakini na mimi niko na sharti langu. Kwa foleni lazima mtu mmoja ajue ugonjwa yako. Mwenye anakuanga karibu na wewe. Usipomwambia, kaa nyumbani."

Nilitembea kiwanja kizima mara tatu kabla ya kumwendea Barasa. Alikuwa ameketi juu ya gurudumu la lile trekta lake la moshi, amesharudishiwa, uso umemshuka. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, sukari, maji, kichaka, kila kitu. Nilingoja acheke.

"Yaani ulikuwa unaficha hiyo?" akasema. "Mimi nilijua unaniringia trekta." Akashuka kutoka kwenye gurudumu. "Mama yangu alikuwa na hiyo sukari. Alikojoa sana, tukamnyima maji ndiyo asikojoe. Tulikuwa tunajua tunamsaidia. Alikufa akiomba maji, Makokha."

Ilikuwa mara ya kwanza aniite kwa jina tangu nipewe trekta jekundu. Nikamshika bega.

Kiwanda kilipofunguliwa, siku ya kwanza, jua lilikuwa kali na foleni ilifika hadi barabarani. Nilikuwa na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, nimeiosha, kama ya Mama Zubeda. Funda, nafunga. Funda, nafunga. Punje ya tatu ilipohama mfuko nilibanwa na mkojo, na papo hapo matrekta ya mbele yakaanza kuunguruma. Mazoea yaliniambia vumilia, utakunywa Jumapili.

Nilifungua kamba ya ngozi kiunoni, nikashuka, nikatembea hadi nyuma.

"Barasa, shika."

Aliipokea funguo bila mzaha wowote, akalizima lake, akaenda akapanda kwenye kiti changu. Nilikuwa nyuma ya ghala niliposikia trekta langu likinguruma na kusogea mbele likiendeshwa na mtu mwingine. Nilimaliza taratibu, wala sikuharakisha.